Chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu wa Ujiji: tathmini baada ya miaka mitano

Nilihamia Kigoma mwaka 2019 nikitokea Mbeya, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na kabla sijamaliza juma moja katika nyumba niliyopanga Ujiji, mama mwenye nyumba aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, umejiandikisha wapi?" Nilidhani anauliza habari za daftari la wapiga kura, kumbe alikuwa anauliza chama. Nilipomwambia kwamba bado, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtu ambaye hakuandikwa popote majirani watamzika, hilo halina shaka, lakini watamzika kwa kuombaomba, na yeye hapendi kuona mpangaji wake anazikwa hivyo.

Tathmini hii ninawaandikia watu waliofika Kigoma kama nilivyofika mimi, yaani watumishi waliohamishwa, wafanyabiashara waliofuata dagaa na mawese, na familia zilizoacha ndugu zao mbali, ambao sasa wanajiuliza wajiunge na chama gani kati ya vingi vilivyopo. Mimi niliandikwa katika chama cha mtaa mwanzoni mwa mwaka 2020. Nimekitumia, nimekitumikia, na kuna wakati kiliniumiza, kwa hiyo nitakisema kama ninavyokijua.

Chama chenyewe hakina jina la fahari wala bango. Watu wanakiita chama cha mtaa, basi. Hakifuati kabila wala dini. Waha ndio wengi, kikao hufunguliwa kwa "Mwakeye!", salamu ya asubuhi ya Kiha, hata kama ni saa kumi jioni, lakini katika daftari wamo Wamanyema, Wabembe, Wagoma na sisi wa kuja. Jambo hili lina asili yake. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871, mji ulikuwa tayari umechanganya watu wa pande zote za ziwa, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilileta wengine. Mji wa namna hii hauwezi kuuachia ukoo peke yake kazi ya kuzika, kwa kuwa ukoo wa mtu mara nyingi uko ng'ambo ya ziwa au mwisho mwingine wa reli, na msiba haungoji nauli.

Masharti ya kujiunga ni mepesi. Unaleta barua ya balozi wa nyumba kumi, picha mbili na kiingilio cha shilingi 20,000 kwa kaya, kisha unatoa shilingi 3,000 kila mwezi, na kila unapotokea msiba unaongeza shilingi 2,000. Kaya mpya husubiri miezi mitatu kabla ya kuhesabiwa. Akifariki mwanachama au mwenzi wake, familia hupewa shilingi 400,000; akifariki mtoto au mzazi, hupewa 250,000. Pamoja na fedha yanakuja maturubai mawili, viti vya plastiki mia moja, majamvi na sufuria kubwa sita. Kwa mshahara wa mwalimu gharama hizi zinabebeka, na kwa mama anayeuza ndizi barabarani zinabebeka kwa shida, lakini kwa ajili ya mtu kama huyo chama kina utaratibu ambao sijauona kwingine, nao ndio ulionifanya nikipende.

Niliuona mara ya kwanza usiku alipofariki mtoto wa jirani yetu mvuvi. Ujumbe uliingia katika kundi la WhatsApp saa tatu usiku, na wale wasio na simu za namna hiyo waligongewa milango. Nilipofika saa nne turubai la kwanza lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye mwembe, na wanawake walikuwa wanapokea unga wa muhogo na dagaa nyuma ya nyumba, huku mama mmoja mnene mwenye miwani ameketi mlangoni kwenye kigoda, taa ya simu imebanwa begani kwa leso, daftari limefunguliwa magotini. Kila aliyeingia alimtajia jina na alichokuja nacho. Ukurasa ulikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: fedha, vitu, mikono. Nilipouliza safu ya tatu ina maana gani, alinionyesha kwa ncha ya kalamu: huyu amechota maji madumu manane, yule atakesha na kuni, hawa watatu alfajiri watachimba kaburi. Mtu asiye na shilingi 2,000 huandikwa hapo, kwa wino ule ule, na mwisho wa mwaka madeni yanaposomwa mbele ya watu, jina lake halisomwi, kwa sababu hadaiwi.

Nimeishi na vyama vingine ambavyo maskini hutolewa humo taratibu, bila kufukuzwa, kwa kuona aibu ya kudaiwa miezi sita. Safu ile ya mikono inazuia aibu hiyo. Kama mtu angeniambia nichague kitu kimoja cha kuhamishia kwenye kila chama cha Kigoma, ningechagua rula na safu ya tatu.

Kuhusu kuchanganya dini, utaratibu umetulia. Wamo wazee wanaojua kuosha maiti na kukata sanda, na wamo wanaojua fundi gani wa jeneza anafungua mlango usiku. Wengi wetu mtaani ni Waislamu, na kwao mwili hauchelewi. Aliyefariki usiku huzikwa kesho yake mchana. Maana yake ni kwamba fedha lazima zipatikane usiku huo huo. Chama kilikuwa kinaweka fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama yale ya vikoba, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mwaka 2021 mmoja wa washika funguo alipanda treni kwenda Tabora kumwona binti yake, ufunguo ukiwa mfukoni, na usiku uliofuata akafariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sanduku lilikuwepo, fedha zilikuwemo, na sanda ilikopwa dukani. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya, lakini watoto wa marehemu waliona haya ambayo haikuwa yao. Tangu hapo kiasi cha dharura, cha kutosha sanda au ubao wa jeneza na usafiri wa gari moja, kinakaa nje ya sanduku, na mshika ufunguo anayesafiri huukabidhi kwa maandishi. Marekebisho yalikuja ndani ya wiki mbili, na hilo ninalihesabia uongozi kwa wema.

Siku ya kikao huwashangaza wageni. Hatukutani mwisho wa mwezi kama watumishi wangependa. Dagaa huvuliwa katika giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi za betri na sola, na mwezi unapokuwa mkubwa samaki hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Wavuvi hushuka nchi kavu siku za mbalamwezi, wakiwa na fedha za giza lililopita, na chama hukutana Jumapili ya kwanza ya mapumziko hayo. Kwangu mimi ninayelipwa mwisho wa mwezi wa kalenda, kuna miezi ambayo kikao hunikuta mfukoni sina kitu. Nimezoea kutenga elfu tatu mapema, wala silalamiki, kwa sababu nimeona ni heri walimu watano wajipange upya kuliko mitumbwi arobaini.

Mpango huo ulijaribiwa vikali mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Mwalo wa Kibirizi, ambako mitumbwi hushusha dagaa, ulinyamaza. Kwa miezi mitatu karibu nusu ya kaya zetu zilikuwa hazina kipato cha kawaida: wavuvi, wanawake wanaoanika dagaa, wabebaji, hata wauza chai wa mwaloni. Kikao cha Mei kilibishana hadi giza likaingia. Wapo waliotaka sheria ifuatwe, kwamba asiyelipa miezi mitatu anasimamishwa, kwa hoja kwamba chama kikianza kuwahurumia watu hakitajua pa kuishia. Hoja hiyo si ya kubeza. Mwishowe ilikubaliwa kwamba kaya zinazoishi kwa ziwa ziandikwe kwa penseli katika miezi hiyo, zisipigwe faini, na zilipe polepole hadi Desemba, na wenye mshahara waongeze elfu moja kwa mwezi kufidia. Tulipata misiba miwili katika kipindi hicho, na mmoja ulikuwa wa kaya ya mvuvi ambaye tangu Mei alikuwa hajatoa kitu. Familia ile ilipewa kile kile ambacho ningepewa mimi. Hadi kufikia mwisho wa mwaka penseli karibu yote ilikuwa imepitiwa na wino.

Sasa niseme lililoniumiza. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka mitatu, nami nililelewa Tukuyu na dada yake mkubwa, ambaye ndiye mama pekee ninayemkumbuka. Nilipojaza fomu mwaka 2020 kulikuwa na mistari ya mwenzi, watoto, baba, mama, baba mkwe na mama mkwe. Kwenye mstari wa mama niliandika "marehemu", na hakuna aliyeniuliza zaidi. Mwaka 2022 mama yangu mkubwa alifariki. Nilikwenda kwa katibu asubuhi, macho yamevimba, naye akalitoa faili langu, akalisoma, akalisoma tena. "Mwalimu, pole sana," alisema, "lakini hapa mstari wa mama umeshafungwa." Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu mwaminifu anayelinda fedha za watu, na katiba ilisema mzazi ni aliyekuzaa. Niliondoka kwenda Mbeya kwa fedha za kukopa, na njia ya kutoka Kigoma hadi Tukuyu, kwa mtu aliyefiwa, ni ndefu kupita kipimo. Niliporudi nilikuta majirani wametandika mikeka barazani kwangu, wakakaa nami siku tatu hadi tukaanua matanga, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe, bila turubai la chama wala sufuria yake. Sijui kama niliwahi kupendwa hivyo na wakati huo huo kuachwa hivyo.

Nililipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu. Katibu alijibu kwa hesabu, na hesabu zake zilikuwa sahihi: mwanachama mmoja ana mama wadogo wangapi, mama wakubwa wangapi, na walezi wangapi watakaojitokeza siku ya fedha? Ndipo aliposimama bibi mmoja wa Kimanyema ambaye kwa kawaida huja vikaoni kusinzia, akamuuliza, "Mwanangu, mama mkubwa huwa anaitwaje?" Katibu akasema, "Mama mkubwa." Bibi akamwambia, "Sasa neno la kwanza ulilotamka ni lipi?" Watu hawakucheka. Kikao kilinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumfikiria, na katika mtaa ambao wengi wetu tumelelewa na wasiotuzaa, wengine kwa vifo na wengine kwa vita vya ng'ambo ya ziwa, katiba ilikuwa imeandikwa kana kwamba kila mtoto alikulia kwa baba na mama.

Uamuzi uliopatikana ulizipa haki pande zote mbili. Fomu mpya haina tena mstari wa baba na mstari wa mama. Ina nafasi nne za "wazazi na walezi", wa upande wako na wa mwenzi wako, na mwanachama anachagua mwenyewe anawaandika akina nani siku ya kujiunga, na akishaandika habadilishi isipokuwa mara moja kwa mwaka, katika kikao cha Januari. Idadi ni ile ile, kwa hiyo mfuko haukutikisika. Mwanamume mwenye wake wawili anaandikisha kaya mbili, kila mke na kiingilio chake, na watoto wa kulea wanahesabiwa sawa na wa kuzaa alimradi wanalala katika nyumba hiyo. Ukijiunga leo hutapitia nililolipitia.

Upande wa kukopeshana, ulioanza mwaka 2021, ninausifu kwa kiasi. Chama kiliiga vikoba: hisa, mfuko wa jamii, mkopo wa miezi mitatu wenye riba ya asilimia 10, na kuvunja, yaani kugawana akiba, mwisho wa mzunguko. Kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka hata vikundi vya kijamii vinavyokopeshana visajiliwe, na usajili huo unafanyika halmashauri, tulilazimika kwenda manispaa, na faida yake kubwa ni kwamba vitabu vyetu sasa vinaeleweka hata kwa mgeni. Lakini mwanzoni fedha za mikopo na fedha za misiba zilikaa sanduku moja, na hilo lilikuwa kosa. Mkopaji akichelewa, aliyefiwa ndiye anayeumia. Masanduku yalitenganishwa baada ya malalamiko, na ninamshauri mtu yeyote anayechunguza chama cha namna hii aulize swali hilo kabla ya mengine yote. Wanawake kadhaa wa chama wameunda kikundi chao cha pembeni ili waombe mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawiwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mahali pake ni huko pembeni. Chama cha misiba kisigeuzwe ngazi ya kupandia kwenye mkopo.

Watu huniuliza kama si afadhali kujiunga na chama cha watu wa nyumbani. Mimi nimo pia katika kile cha watu wa mkoa wangu, tunaokutana Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, kila baada ya miezi mitatu. Huko watoto wangu wanasikia Kinyakyusa kikisemwa na watu zaidi ya mimi na mume wangu, na ikiwa mwili unatakiwa usafirishwe, hakuna chama cha mtaa kinachoweza kuubeba mzigo huo. Wale wana mfuko maalumu na wanajua taratibu zote za barua, gari na watu wa kusindikiza. Hata hivyo wanakaa mbali mbali, mmoja Gungu, mwingine Katonga, na usiku mtoto wangu alipozidiwa na homa, mtu aliyenishikia taa hadi kwenye bodaboda alikuwa mwanachama wa mtaa. Mwenye uwezo awe navyo vyote viwili. Asiye na uwezo aanze na cha mtaa.

Kasoro zilizobaki si ndogo. Vikao ni virefu mno, saa tatu si ajabu, kwa kuwa muhtasari wa kikao kilichopita husomwa neno kwa neno. Vijana waliopanga chumba kimoja kimoja hawamo, kwani kiingilio ni cha kaya na hakuna aliyewafikiria, ilhali ndio wanaochimba makaburi. Ugonjwa umewekewa shilingi 50,000 tu, tena kwa aliyelazwa zaidi ya siku tatu, na familia yenye mtoto anayeumwa mwaka mzima nyumbani haipati kitu zaidi ya kutembelewa.

Kubwa kuliko zote ni kifungu cha wajane. Kaya imeandikwa kwa jina la mkuu wake, na mkuu huyo, katika fomu nyingi, ni mume. Akifariki, chama kinamzika vizuri na kumpa mjane rambirambi yote, kisha baada ya siku arobaini kinamtaka ajiandikishe upya kwa nusu ya kiingilio na kusubiri tena miezi mitatu, kana kwamba ndiyo kwanza amehamia mtaani. Nimemwona mama aliyepika katika misiba ya watu kwa miaka kumi na minne akiambiwa asubiri. Nimeandika hoja ya kukiondoa kifungu hicho, imesainiwa na wanachama kumi na tisa, nayo itasomwa katika kikao kijacho cha mbalamwezi.

Kwa anayejiunga kabla hoja hiyo haijapita, fomu zinapatikana kwa mweka hazina siku ya kikao. Mstari wa kwanza umeandikwa "mkuu wa kaya" na una nafasi ya jina moja. Omba uandike majina mawili, la mume na la mke, hata kama herufi zitabanana. Katibu anakubali ukimwomba, kwa sababu katiba haikatazi, lakini usipouliza hatakwambia.